Kufunga na Kupunguza Tanga Kuu: Mwongozo Kamili kwa Mashua ya Safari Ndefu

Tanga kuu linapogoma kupungua katikati ya upepo mkali, kosa huwa lilifanyika siku nyingi nyuma, chombo kikiwa kimetia nanga. Kamba ilifungwa nusu mita mbele mno, roda (kapi la kupitishia kamba) imeganda kwa chumvi, henza (kamba ya kutwekea) haina alama, au hakuna aliyejaribu mkunjo wa pili, yaani kiwango cha pili cha kulikunja tanga ili lipungue, tangu tanga litoke kwa fundi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kufunga tanga na kupitisha kamba. Hayo yakikaa sawa, kupunguza kwenyewe ni kazi ya dakika mbili tatu.

Chombo tunachokizungumzia

Tumechukua mashua ya mlingoti mmoja yenye urefu wa mita 11 hivi (futi 36), aina inayoonekana sana kwenye hori la Kilifi, Msasani au Tanga pale wasafiri wa masafa marefu wanapopumzika. Tanga kuu lake ni la pembe tatu. Ukingo wa mbele, unaopanda na mlingoti, una mita 12.5. Ukingo wa chini una mita 4.2 na umelala juu ya bumu, ule mti wa mlalo uliounganishwa na mlingoti kwa bawaba. Eneo lote ni takriban mita za mraba 28. Pembe ya mbele chini, penye bawaba, tutaiita pembe ya joshi. Pembe ya nyuma chini, mwisho wa bumu, pembe ya demani. Henza ni kamba ya kutwekea, na demani ni kamba inayovuta au kulegeza bumu.

Tanga hili lina mikunjo mitatu. Kila mkunjo una jicho la chuma kwenye ukingo wa mbele na jingine kwenye ukingo wa nyuma, na katikati yake safu ya vitobo vidogo. Mkunjo wa kwanza uko mita 1.6 juu ya bumu na huacha mita za mraba 21 hivi. Wa pili uko mita 3.2 na huacha 15. Wa tatu uko mita 5 na huacha 10 tu. Kama tanga lako lina mikunjo miwili tu na unakusudia kuvuka bahari, mpelekee fundi wa matanga aongeze wa tatu kabla hujanunua kifaa kingine chochote.

Matanga yanayojiviringisha ndani ya mlingoti au ndani ya bumu yana taratibu zake, nayo hayamo humu.

Kamba: urefu, unene, rangi

Kamba za mikunjo ziwe za poliesta ya kusuka isiyonyumbuka sana, unene wa milimita 10. Milimita 8 inatosha kwa nguvu, lakini inaumiza mikono na hushikwa vibaya na baadhi ya vibano vya kuzuilia kamba. Usitumie nailoni hata ikiwa bei nafuu: inanyumbuka, na mkunjo ulioukaza vizuri utakuwa umelegea baada ya robo saa.

Urefu hupatikana hivi: kimo cha jicho la nyuma juu ya bumu mara mbili, jumlisha urefu wa bumu, jumlisha umbali wa kutoka bawaba hadi sitaha, jumlisha umbali wa kutoka chini ya mlingoti hadi kwenye kibano karibu na usukani, kisha mita 3 za winchi (ngoma ya kukazia kamba), mkono na mzunguko wa fundo kwenye bumu. Kwa mkunjo wa kwanza hapa: 3.2 + 4.2 + 1.2 + 3 + 3, yaani mita 14.6. Nunua 16. Wa pili nunua 19, wa tatu 23. Ziada hiyo si hasara. Kamba huchakaa palepale inapopita kwenye jicho na kwenye roda, na ukiwa na mita moja ya akiba unaikata ncha iliyochakaa na kuendelea kuitumia miaka mingine.

Henza ya milimita 10 isiyonyumbuka, mita 34 hivi, inatosha kupanda, kushuka na kurudi hadi kwenye winchi.

Kila kamba iwe na rangi yake. Saa nane za usiku, mvua ikinyesha, maandishi madogo juu ya kibano hayasomeki, ila kamba nyekundu na ya buluu zinatofautishika kwa tochi ya kichwani. Weka na vifaa hivi: shekeli (pingu za chuma za kuungia) mbili za akiba, vitelezi vinne vya ukingo wa mbele, uzi wa nta na sindano ya kushonea matanga, utepe wa gundi, na mita 10 za kamba nyembamba ya milimita 3 ya kuvutia kamba mpya ndani ya bumu.

Kufunga tanga kwenye mlingoti

Chagua asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Chombo kiwe kwenye nanga au boya ili omo (mbele ya chombo) ielekee upepo yenyewe. Kwenye gati, upepo ukija ubavuni, tanga litajaa ukiwa umelipandisha nusu na utashindwa kulimudu.

Anza na pembe ya joshi. Ipachike kwenye pini ya bawaba na uhakikishe tanga halijapinduka. Mshono wa ukingo wa mbele ufuate mlingoti moja kwa moja. Kisha peleka pembe ya demani nyuma na uiunganishe na kamba ya kuvutia ukingo wa chini. Kwa tanga lisiloingia kwenye mfereji wa bumu, pembe hii inahitaji pia utepe imara unaozunguka bumu, mizunguko mitatu, ili ibaki chini. Bila utepe huo kamba ya kuvutia inabeba mizigo miwili, ya nyuma na ya juu, na haitadumu.

Ingiza vitelezi kwenye reli ya mlingoti kimoja kimoja, ukianza na cha kichwani. Gusa kila kimoja kwa kidole kabla hakijapita mlango wa reli. Kitelezi kilichopinda au chenye ufa kibadilishe hapohapo, kwa kuwa ndicho kitakachokwama siku unayotaka tanga lishuke haraka. Ukimaliza, funga mlango wa reli kwa kizuizi chake. Kizuizi kikisahaulika, vitelezi vyote hutoka nje mara ya kwanza unaposhusha tanga kwenye mawimbi.

Fito zinafuata, zile zinazoingia kwenye mifuko ya tanga kulishikilia umbo. Ufito wenye ncha nyembamba na ncha nene huingizwa nyembamba ikiwa mbele, upande wa mlingoti, kwa kuwa tumbo la tanga linatakiwa kujipinda zaidi mbele na kunyooka nyuma. Kaza hadi mikunjo midogo ya wima kando ya mfuko wa ufito itoweke, kisha uache. Ufito uliokazwa kupita kiasi hugoma kugeuka upande mwingine chombo kinapobisha (kinapopanda upepo kwa kugeuka huku na huku), na tanga hubaki na umbo la kinyume.

Kabla ya kufunga henza kwenye kichwa cha tanga, inua macho ufuate kamba hadi juu kabisa. Isizunguke waya wowote, isikae nyuma ya mikono ya mlingoti (miti ya kando inayotanua waya), isipite upande mbaya wa kamba za kudakia tanga linaposhuka. Shekeli ya henza ikazwe kwa koleo, na ikiwa ni ya pini ya kuzungusha, ifungwe kwa waya mwembamba ili isijifungue kwa mtikisiko.

Kupitisha kamba za mikunjo

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote.

Tweka tanga lote, kisha lishushe hadi jicho la mbele la mkunjo wa kwanza lifike kwenye bawaba. Linase kwenye ndoano, kaza henza. Sasa jicho la nyuma la mkunjo huo linafikiwa kwa mkono. Kamba inatoka ndani ya bumu kupitia roda iliyo mwisho wa nyuma, inapanda hadi kwenye jicho, inapita ndani yake kutoka upande mmoja kwenda wa pili, halafu inashuka hadi kwenye bumu na kufungwa.

Wengi hukosea mahali pa kufunga. Mguu mmoja wa kamba, ule unaokwenda kwenye roda, kazi yake ni kuvuta jicho nyuma ili ukingo mpya wa chini unyooke. Mguu wa pili, ulio na fundo, kazi yake ni kulivuta jicho chini hadi liguse bumu. Kwa hiyo fundo liwe chini kabisa ya jicho, au sentimita chache nyuma yake, tanga likiwa tayari limepunguzwa na limenyooshwa. Kwa tanga letu jicho la mkunjo wa kwanza linakaa mita 3.6 hivi kutoka mlingoti, la pili mita 3.1, la tatu mita 2.5. Usiamini namba hizi kwa chombo chako. Vuta ukingo kwa mkono hadi unyooke, weka alama ya kalamu kwenye bumu, funga hapo.

Fundo likiwa mbele ya jicho, kila unavyozidi kukaza, mguu huo unalivuta jicho mbele na kupingana na mwenzake. Utazungusha winchi mpaka mkono uchoke, tumbo la tanga litabaki, na utadhani winchi ndiyo mbovu. Fundo likiwa nyuma mno, jicho linavutwa nyuma vizuri ila linaelea sentimita 20 juu ya bumu na kupigapiga.

Zungusha kamba chini ya bumu na ufunge bolini, lile fundo la kitanzi kisichojikaza, kwenye kamba yenyewe inayoshuka kutoka jichoni. Mzigo ukija, kitanzi kitateleza juu ya kamba hiyo na mzunguko wote utajikaza kwenye bumu. Acha mkia wa sentimita 15. Kwa tanga ambalo ukingo wake wa chini umeingia kwenye mfereji, fundi huweka kitobo kidogo juu ya bumu cha kupitishia kamba hiyo. Kama hakipo, mwombe akitoboe na kukizungushia pete. Usitoboe mwenyewe kwa kisu.

Rudia kwa mkunjo wa pili, kisha wa tatu. Ukimaliza, tweka tanga juu kabisa na utazame kutoka pembeni. Kamba zote za nyuma ziwe zimelegea kidogo, zisivute ukingo wa nyuma hata kidogo. Kamba ya mkunjo iliyokaza tanga likiwa juu huharibu umbo la tanga zima, na mara nyingi huonekana kama mstari wa msukosuko unaotoka jichoni kuelekea mlingoti.

Bado uko bandarini. Punguza mikunjo yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja weka alama kwenye henza pale inapoingia kwenye kibano jicho la mbele likiwa limenasa kwenye ndoano. Shona uzi wa rangi kwa mizunguko kumi, au tumia kalamu isiyofutika: alama moja kwa mkunjo wa kwanza, mbili kwa wa pili, tatu kwa wa tatu. Alama hizi huokoa muda kuliko kifaa chochote cha dukani. Anayeshusha henza akiziona, hashushi pungufu na hazidishi, na aliye kwenye mlingoti hana haja ya kupiga kelele.

Pima pia kamba ya kuning'iniza bumu. Irefushe au ifupishe hadi bumu likae sentimita 10 hadi 15 juu ya kimo chake cha kawaida cha kusafiri. Ikiwa ndefu kuliko hapo, henza ikilegezwa bumu linaangukia vichwa vya waliokaa kwenye usukani. Chombo chenye kikingi kigumu chini ya bumu hakihitaji kamba hii kwa kazi hiyo, lakini hakikisha chemchemi ya kikingi bado ina nguvu ya kulibeba bumu lenye tanga lililolala juu yake.

Ndoano au kamba moja?

Vyombo vingi vipya vina mfumo wa kamba moja inayovuta jicho la mbele na la nyuma kwa pamoja, ili mtu asitoke kwenye usukani. Kwa mkunjo wa kwanza unafanya kazi. Kwa wa pili kamba inakuwa ndefu mno, inapita roda nyingi, na msuguano unakula nguvu yote. Jicho la mbele hukaza mapema huku la nyuma likiwa bado limelegea. Kwa chombo cha ukubwa huu tunapendekeza ndoano pale bawabani kwa upande wa mbele na kamba moja kwa kila mkunjo upande wa nyuma. Ni kweli mtu lazima aende hadi kwenye mlingoti. Kwa malipo yake, kila mkunjo unakazwa kwa winchi moja kwa moja na kinachokwama kinaonekana kwa macho.

Kwa ndoano, mwambie fundi ashone pete mbili za chuma kwenye utepe unaopita ndani ya jicho la mbele, moja kila upande wa tanga. Pete hunaswa kirahisi kuliko jicho lenyewe, ambalo limezungukwa na kitambaa kinene cha tabaka kadhaa.

Lini upunguze

Nguvu ya upepo haikui sambamba na mwendo wake. Upepo ukitoka noti 14 hadi 20 (noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa), msukumo kwenye tanga unakuwa maradufu. Ndiyo sababu chombo kilichokuwa kinakwenda kwa raha kinageuka kuwa kigumu ndani ya dakika chache.

Kwa chombo kama hiki kinachobisha, mkunjo wa kwanza uingie upepo unaosomeka kwenye kipimo ukifika noti 18 hivi, wa pili kwenye 23 au 24, wa tatu kwenye 30. Chombo chepesi au chenye mkuku mfupi kianze mapema zaidi. Zaidi ya kipimo, sikiliza usukani: ukilazimika kuushikilia kwa nguvu ili omo isipande kwenye upepo, na chombo kimelala zaidi ya digrii 20 hadi 25, tanga kuu limezidi. Usukani uliopindwa sana ni breki majini, na mara nyingi chombo kikipunguziwa tanga huongeza mwendo.

Kama mlingoti wako una tanga kubwa la mbele linalofika hadi kileleni, anza kuliviringisha hilo kidogo kabla ya kugusa tanga kuu. Kama tanga la mbele ni dogo, anza na tanga kuu.

Upepo wa tezi, unaotoka nyuma ya chombo, ndio unaodanganya. Chukua chombo kinachotoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Kilifi mwezi wa Julai, Kusi kikisukuma kwa noti 20 na mkondo wa pwani nao ukienda kaskazini. Chombo kinakimbia noti 6, kwa hiyo ndani yake unahisi noti 14 tu. Shati halipepei. Siku hiyohiyo ukilazimika kugeuka kupanda upepo, kumwokoa mtu au kukwepa mwamba, kipimo kinaruka hadi karibu noti 25, na msukumo unakuwa zaidi ya mara tatu. Ukiwa unakwenda na upepo, jiulize ungebeba tanga gani kama ungegeuka sasa hivi, na ubebe hilo. Wakati wa Kaskazi hali ni nyingine: pwani ya Tanzania mkondo bado unaelekea kaskazini, upepo unatokea huko, na mawimbi yanasimama mafupi na makali. Anayekwenda kaskazini kwa kubisha majira hayo apunguze mapema kuliko kipimo kinavyosema, maana chombo kinachochapwa na mawimbi kinahitaji tanga tulivu.

Usiku, ingiza mkunjo kabla jua halijatua ikiwa kuna mawingu ya mvua upeoni. Katika masika, wingu jeusi lenye pindo lililonyooka chini huleta upepo mbele ya mvua.

Kupunguza, hatua kwa hatua

Watu wawili wanatosha: mmoja usukani na kamba za nyuma, mmoja mlingotini. Wote wavae mikanda ya usalama, na wa mlingotini ajifunge kwenye kamba ya usalama kabla hajatoka kwenye usukani.

1. Elekeza chombo digrii 50 hadi 60 kutoka upepo, tanga la mbele likiendelea kuvuta. Usielekeze omo kwenye upepo kabisa. Ukifanya hivyo chombo kinasimama, tanga linapigapiga na kuchanika, na mtu wa mlingotini anarushwa huku na huku.

2. Kaza kamba ya kuning'iniza bumu hadi kwenye alama yake. Legeza kamba inayokandamiza bumu chini. Hatua hii ikisahaulika, kamba ya kukandamiza inashindana na wewe wakati wote wa kukaza jicho la nyuma.

3. Legeza demani hadi tanga lipoteze upepo upande wa mbele. Bumu liwe nje upande wa chini ya upepo, liwe huru.

4. Shusha henza hadi alama, ikiwa na mizunguko miwili au mitatu kwenye winchi. Ukiiachia ghafla vitelezi hurundikana na kimoja hukwama kwa upande.

5. Nasa pete ya mbele kwenye ndoano. Ivute chini kwa nguvu na uishikilie.

6. Kaza henza mara moja, kabla ya jambo jingine lolote. Kaza hadi mkunjo mdogo wa wima utokee sambamba na mlingoti. Hapa mpangilio ni sheria: ukivuta kamba ya nyuma henza ikiwa imelegea, pete inachomoka kwenye ndoano na mzigo wote unahamia kwenye kitelezi cha kwanza kilicho juu yake. Kitelezi hicho kinang'oka, na cha pili kinafuata.

7. Sasa kaza kamba ya mkunjo kwa winchi. Jicho la nyuma lishuke hadi liwe ndani ya upana wa kiganja juu ya bumu, na ukingo mpya wa chini uwe umenyooka kama ubao. Upepo ukizidi, tanga linatakiwa bapa. Tumbo kubwa ndilo linalokilaza chombo.

8. Ikigoma, acha winchi na utazame. Je, demani imelegea vya kutosha? Je, kamba ya mkunjo wa pili imejisokota na kunasa chini ya jicho? Je, kitambaa kimebanwa kati ya kamba na roda? Winchi yenye mpini wa sentimita 25 ina nguvu ya kuchana tanga bila wewe kuhisi kitu.

9. Legeza kamba ya kuning'iniza bumu, vuta demani, rudi kwenye mwelekeo wako, kaza kamba ya kukandamiza.

10. Kitambaa kilichobaki kinaning'inia chini. Kikunje juu ya bumu na ukishike kwa vikamba vinavyopita kwenye vile vitobo vidogo, vikipita kati ya tanga na bumu na wala visizunguke bumu, vikiwa vimelegea. Kazi yake ni kushika kitambaa kisifunike macho ya nahodha. Vikikazwa vinabeba mzigo wa upepo, na tanga huchanika kwenye mstari huo wa vitobo.

Kwa safari ya siku nyingi ukiwa na mkunjo, pitisha utepe imara kwenye jicho la nyuma na kuzunguka bumu mara mbili. Ukikatika kamba ya mkunjo, utepe unalishika tanga. Uandike kwenye daftari la zamu kuwa upo, kwa sababu atakayefungua mkunjo usiku asipouona ataling'oa jicho.

Mkiwa wachache, au mmechoka

Simamisha chombo kwa kupinganisha matanga. Geuza chombo kipite kwenye upepo bila kuachia kamba ya tanga la mbele, hivyo tanga hilo libaki limevutwa upande wa joshini, unakotoka upepo. Chombo kikishapunguza mwendo, funga usukani ili uwe unajaribu kupandisha omo. Tanga la mbele linasukuma omo chini, usukani unaipandisha, na chombo kinatulia kikielea pembeni taratibu kwa noti moja au mbili. Ghafla kelele zinapungua, sitaha inatulia, na mtu mmoja anaweza kupunguza tanga kuu bila haraka. Angalia ramani kwanza. Kwenye pwani hii Kusi husukuma kuelekea miamba ya matumbawe, na maili mbili za maji huru chini ya upepo zikipungua, usikae hivyo zaidi ya dakika chache.

Ukilazimika kupunguza ukiwa na upepo wa tezi

Mara nyingi ni salama kugeuka hadi upepo uwe ubavuni mbele kidogo. Lakini mawimbi yakiwa makubwa nyuma yako, kugeuka kunaweza kuwa hatari kuliko tanga lenyewe. Hapo vuta demani ndani kiasi ili tanga lisiegemee waya na mikono ya mlingoti, kisha shusha henza nusu mita, kaza kamba ya mkunjo kuchukua ulegevu, shusha nusu mita nyingine, kaza tena. Vitelezi vitagoma kwa sababu ya msuguano, kwa hiyo mtu wa mlingotini avute ukingo wa mbele kwa mikono. Wa usukani asiruhusu kabisa upepo upite upande wa pili wa tezi. Bumu likivuka ghafla mtu akiwa mlingotini, hakuna cha kulizuia.

Kufungua mkunjo

Upepo ukitulia kwa nusu saa nzima, siyo dakika tano, rudisha tanga. Fungua kwanza vikamba vyote vya katikati na utepe wa jicho la nyuma, uhesabu vilivyofunguliwa kwa sauti. Kimoja kikibaki, tanga linachanika hapo henza inapopanda. Kisha kaza kamba ya kuning'iniza bumu, legeza demani na kamba ya kukandamiza, fungua kibano cha kamba ya mkunjo, chomoa pete ya mbele, tweka. Anayetweka atazame juu wakati wote, si kwenye winchi. Tanga likifika juu, hakikisha kamba za mikunjo zimelegea tena, zisije zikazunguka mwisho wa bumu kwenye bisho lijalo.

Matunzo kwenye joto na chumvi

Jua la pwani huua uzi kabla ya kitambaa. Kwangua mshono kwa ukucha karibu na macho ya mikunjo. Uzi ukikatika kwa kuguswa hivyo, mpelekee fundi akashone upya kabla ya msimu. Funika tanga kila linaposhuka, hata kama unaondoka tena jioni.

Reli ya mlingoti na roda zote zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari. Zikauke, kisha upulizie kilainishi kikavu cha silikoni. Usipake grisi: inashika vumbi na mchanga, na baada ya miezi vitelezi vinakwaruza kama msasa.

Ukiwa na mkunjo kwa siku kadhaa mfululizo, kila zamu ilegeze au ikaze kamba ya mkunjo sentimita tano, ili isisuguliwe mahali pamoja kwenye roda. Unapofika bandarini, ipapase kamba yote kwa vidole vitupu. Penye nyuzi zilizosimama, kata ncha hiyo, choma mwisho kwa moto, funga bolini upya, na urekebishe alama ya kalamu kwenye bumu kama imefutika.